Dakika Kumi na Mbili

Karatasi ilisema:
Borghild Aspelund, miaka themanini na minne.
Soksi za kubana, vidonge vitano, uji.
Dakika kumi na mbili.
Mkaidi. Hatoi ushirikiano.
Ndivyo nilivyokabidhiwa mtu,
kama mtu anavyokabidhiwa funguo za ghala.

Vadsø, mwanzoni mwa Januari, saa mbili asubuhi,
na hakujakucha.
Hakutakucha leo, wala kesho.
Nikabisha, nikaingia, nikavua viatu,
nikawasha taa,
nikapiga goti na soksi mkononi.
Akavuta mguu.
Nikasema kwa ile sauti tunayofundishwa,
laini, ya kubembelezea watoto:
"Haya, mama, tuvae, tupendeze."
Akanitazama kama fundi atazamavyo breki mbovu.
"Mimi si mama yako," akasema.
"Na soksi hizi hazijawahi kumpendeza mtu."

Siku ya tatu niliuliza.
Sikuuliza kwa hekima, niliuliza kwa kushindwa,
dakika nane zimekwisha na miguu bado mitupu:
"Borghild, unataka tuanze na nini?"

Kimya. Jokofu likakoroma, likanyamaza.
"Taa," akasema. "Izime."

Nikaizima.
Na giza lilipoingia ndani
barabara ikajitokeza nje,
chini ya nguzo, nyeupe, imekwanguliwa usiku,
theluji imelundikwa kando kwa mikunjo.
Akaisoma mikunjo ile
kama wengine wasomavyo gazeti.
"Ameinamisha jembe mno. Ona, changarawe imekuja juu.
Na pale kwa Iversen ameziba lango.
Kijana wa wapi huyu?"

Miaka thelathini na mmoja
aliendesha gari la kusukuma theluji
hadi Komagvær na kurudi,
usiku wa manane, redio imekufa,
chupa ya chai iliyojaa kahawa katikati ya magoti,
ili ambulensi ipite,
ili mkate ufike,
ili mkunga asikute mtoto ameshazaliwa.
Kila siku, kabla ya kula, kabla ya kuvaa,
ilimlazimu ajue kama njia inapitika.

Na sisi tulimwashia taa.
Miaka miwili tuliingia, mmoja baada ya mwingine,
tukabonyeza swichi huku tunatabasamu,
dirisha likageuka kioo,
akabaki kutazama uso wake mwenyewe.
Kisha tukaandika: mkaidi.

Sasa naingia gizani, napapasa ukuta.
Nakaa sakafuni. Ananipa taarifa ya barabara.
Akimaliza hunyoosha mguu mwenyewe,
wa kushoto kwanza.
"Wa klachi," husema.

Si kila siku.
Kuna Jumatano alilia, hakusema kwa nini,
na mimi sikujua la kufanya na mikono yangu.
Uji ukapoa. Nikachelewa kwa mzee Hjalmar,
ambaye naye ana haki ya kutosubirishwa,
na alinikumbusha haki hiyo kwa sauti kubwa.
Turid, msimamizi wangu, akafungua simu yake:
"Dakika kumi na tisa. Kulikuwa na nini?"
"Barabara," nikamjibu.
Akadhani nimekwama.
Sikumsahihisha siku ile. Nilimsahihisha Ijumaa,
na hadi leo tunabishana kuhusu zile saba.

Neno mkaidi limebaki palepale;
mfumo wetu haufuti, unaongeza tu.
Basi nikaongeza chini yake:
Usiwashe taa. Muulize barabara ikoje.
Subiri jibu.
Mguu wa kushoto kwanza.
Uji hapendi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jana theluji ilikuwa imesukumwa vizuri,
kingo zimenyooka, lango la Iversen wazi.
Nikasubiri lawama, hazikuja.
Aligonga kioo kwa kidole, mara mbili,
kama anavyogongewa dereva bodi ya gari:
haya, nenda.